Miaka miwili Niigata, Japani, nikiwa na mwanangu: niliyoyaona kuhusu zamu

NdivaYaJuu:

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuanzisha uzi kwa sababu kila Japani inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye treni ziendazo kasi na vyoo vyenye vitufe. Hayo yapo na nimeyatumia. Ila nimeishi kule kuanzia Septemba 2022 hadi Septemba 2024, mimi na binti yangu aliyekuwa na miaka saba tulipofika, na kilichonikaa moyoni hakina mashine ndani yake.

Kwa kazi mimi ni afisa umwagiliaji, kwetu ni Upareni, wilaya ya Same, Tanzania. Nilipata ufadhili wa shahada ya uzamili kupitia ule mpango wa vijana wa Afrika ambao Waziri Mkuu Shinzo Abe aliutangaza Yokohama mwaka 2013. Sikupangiwa Tokyo. Nilipangiwa Minamiuonuma, mkoa wa Niigata: bonde la mpunga katikati ya milima, saa moja na nusu hivi kutoka Tokyo kwa shinkansen, ile treni ya kasi. Ni upande wa nchi unaolemewa na theluji. Nyumba zimeinuliwa juu ya kuta za zege ili mlango usizikwe. Taa za kuongozea magari zimepangwa wima ili theluji isizikalie. Lami ina rangi ya kutu, kwa sababu katikati ya barabara yamelazwa mabomba yanayomwaga maji ya ardhini kuyeyusha theluji, na maji hayo yana madini ya chuma.

Nianze na shule, maana ndiko nilikofunguka macho.

Ukutani mwa darasa la binti yangu yalikuwepo maduara mawili ya boksi, kubwa na dogo, yamebanwa katikati kwa pini. Kubwa limeandikwa kazi: kudeki korido, kufuta ubao, ngazi, vyoo, kupanga viatu. Dogo limeandikwa makundi ya watoto. Kila Jumatatu mtoto mmoja analisogeza lile dogo hatua moja. Hakuna anayeuliza "leo nani?" Duara limeshasema.

Baada ya chakula cha mchana muziki unapigwa kwenye spika, na shule nzima inashika matambara. Mwalimu naye anapiga magoti anadeki. Hayo matambara wazazi ndio tunaoyaleta. Mimi nilishona mawili kutokana na taulo kuukuu.

Chakula chenyewe kinapakuliwa na watoto wa zamu. Wanavaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wanabeba masufuria kutoka jikoni, wanawapakulia wenzao. Ijumaa moja binti yangu alirudi na mfuko wa kitambaa, akanieleza: "Mama, wiki hii nilikuwa mimi. Inafuliwa, inapigwa pasi, Jumatatu anavaa mwenzangu." Nikaitoa ile aproni. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu shingoni. Ilikuwa imeshapita kwenye pasi za akina mama nisiowajua hata mmoja, na sasa ilikuwa mikononi mwangu, na Jumatatu ingefika kwa mwingine. Nakumbuka niliipiga pasi mara mbili.

Najua mtasema na sisi tulifagia shule. Kweli kabisa. Nimesoma shule ya msingi miaka ya tisini, nimebeba fagio la chelewa na kidumu cha maji, na orodha ya zamu tulikuwa nayo. Lakini kwetu usafi ulikuwa pia adhabu. Ukichelewa namba, unadeki choo. Ukipiga kelele darasani, unafyeka. Tukakua tukiamini kwamba anayeonekana na ufagio ana kosa. Kwa miaka miwili kule sikuona mtoto aliyepewa kama adhabu kazi ambayo ni zamu ya wote.

Nitaendelea na mtaani kesho Mungu akipenda.


FundiBomba:

Dada endelea, tupo. Swali dogo: huyo mtoto wa miaka saba alikuwa anaenda shule mwenyewe? Maana tunaona kwenye video.


NdivaYaJuu:

Mkuu FundiBomba, mwenyewe kwa maana ya bila mzazi, ndiyo. Bila mtu, hapana. Watoto wa mtaa mmoja wanakutana mahali palipopangwa na kutembea kwa mstari. Anatangulia mkubwa wa darasa la sita, wadogo wako katikati, mkubwa mwingine anafunga nyuma. Kwenye kivuko cha barabara kuna mzazi mwenye bendera ya njano, na huyo mzazi naye yupo kwa zamu. Yangu ilikuwa inaniangukia kila baada ya wiki kadhaa, na Januari kusimama pale asubuhi na bendera ni kazi, vidole vinakufa ganzi.


BiTatu:

Mashaallah, tunafuatilia kutoka Unguja. Dada tuambie na lugha, ulielewanaje na majirani?


NdivaYaJuu:

Bi Tatu, masomo yangu yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kijapani changu kilibaki cha sokoni. Binti yangu baada ya miezi minane alikuwa anaongea kuliko mimi, akawa mkalimani wangu. Mengi nitakayoyasimulia yalipita mdomoni mwake kwanza.

SEHEMU YA PILI: MTAANI

Tulipanga nyumba ndogo ya zamani, siyo bweni la chuo, kwa sababu ya mtoto. Wiki ya kwanza alikuja mzee wa mtaa na kalenda ya takataka. Zinazoungua zina siku zake, plastiki siku zake, chupa na makopo siku zake, karatasi na maboksi hufungwa kwa kamba. Mifuko ni ile iliyoidhinishwa na manispaa, unainunua dukani. Hapo msishangae sana, maana kuna mji mdogo wa Kamikatsu, kisiwa cha Shikoku, unaochambua taka katika mafungu zaidi ya 40, na ulijitangazia lengo la kutobakiza taka tangu mwaka 2003.

Kilichonishangaza ni kibao. Kibao kidogo cha mbao chenye kamba, kimeandikwa "toban", yaani zamu. Kinaning'inizwa kwenye mlango wa nyumba ambayo wiki hiyo inatandaza wavu juu ya taka ili kunguru wasizitawanye, na inafagia pale gari likishapita. Jumapili jioni unakichukua unakipeleka nyumba ya pili. Hakuna kikao, hakuna kusukumana. Kibao kikiwa mlangoni kwako, kazi ni yako.

Mwezi wetu wa pili pale nilikosea. Nilitoa mfuko wa plastiki siku ya vitu vinavyoungua, nikakimbilia darasani. Mfuko ukikosewa wazoa taka wanauacha palepale, wanaubandika karatasi yenye maelezo. Nilirudi jioni nikaona pamesafishwa, nikadhani wameuchukua. Wiki iliyofuata, siku ya plastiki, nilimwona bibi wa nyumba ya pili, miaka themanini na minne, mgongo umepinda kwa shamba, anautoa mfuko wangu kwenye banda lake na kuupeleka pale. Alikuwa ameuhifadhi siku zote hizo. Hakuniambia neno. Nilimfuata mimi na binti yangu tukamwomba radhi. Akamwambia mtoto, "Hata mimi nilipoolewa huku sikujua siku."

Basi tukawa tumeshampata bibi.

Kitu cha mwisho cha mtaani ni kairanban. Ni ubao wenye kibanio, umebana karatasi za matangazo: lini kuna usafi wa mitaro, nani amefariki, shule ina michezo lini, dubu ameonekana wapi. Juu yake kuna orodha ya nyumba zote za kundi lenu kwa mpangilio. Ukisoma unagonga muhuri kwenye jina lako, unaupeleka kwa anayefuata. Kwetu tungesema kwa nini wasifungue kundi la WhatsApp. Nami niliuliza hivyo. Nitawaeleza huko mbele kwa nini siulizi tena.


Nyangumi254:

Dada, asante kwa uzi, unaandika kwa roho safi. Lakini wacha niseme pia, ili vijana wasifunge mizigo wakidhani wanaenda mbinguni. Niko Chiba mwaka wa nne. Nilikuja na visa ya mwanafunzi, sheria inaniruhusu kazi ya saa 28 kwa wiki, nikafanya usiku kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha. Nilitafuta nyumba miezi mitatu. Wakala anapiga simu mbele yangu, nasikia anasema "ni mgeni", kisha ananiinamia na kusema samahani. Wizara ya Sheria yao yenyewe iliwauliza wageni, matokeo yakatoka 2017: kati ya waliotafuta nyumba, karibu wanne kwa kumi walikataliwa kwa sababu ni wageni. Jengo ninaloishi lina milango ishirini na nne. Sijui jina la hata mmoja. Kwa treni nikikaa, kiti kilicho kando yangu hubaki wazi watu wakiwa wamesimama. Hiyo pia ni Japani.


NdivaYaJuu:

Kaka Nyangumi, pole, na asante kwa kuliweka mezani. Sina la kupinga hapo. Mimi nyumba nilitafutiwa na chuo, na mdhamini nilikuwa naye. Mtu akija peke yake bila chuo wala kampuni nyuma yake, mlango ni mwingine. Na kile kiti kitupu nimekaa nacho kila nilipoenda Tokyo. Binti yangu aliniuliza, "Mama, hawaoni kama kuna nafasi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Na kwa kuwa umelifungua hilo, niseme na upande mchungu wa huko kijijini nilikopasifia.

Wana neno, murahachibu. Maana yake ni kijiji kukutenga katika mambo manane kati ya kumi. Katika mahusiano kumi ya wanakijiji, harusi, ugonjwa, ujenzi, mafuriko na kadhalika, unanyimwa manane. Yanabaki mawili tu, kuzima moto na kuzika. Binti yangu alipolitafsiri mara ya kwanza niliganda. Sisi tukimtenga mtu tunamtenga hasa kwenye msiba. "Hazikani na watu, naye tusimzike." Wao msiba ndio wanaobakiza.

Wala si hadithi ya kale. Mkoa huohuo wa Niigata, kijiji cha Sekikawa, wakaazi kadhaa walikataa kushiriki tamasha la kijiji la kukamata samaki. Wakazuiwa kutumia kizimba cha taka, wakanyimwa hata kairanban. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ikawapa haki. Ona silaha iliyotumika: ni lile lile la kibao na ubao ninalowasifia hapa. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2005 kwamba chama cha mtaa ni hiari, mtu anaweza kujitoa. Lakini ukijitoa, taka zako unaziweka wapi?


Mzee wa Kisiwani Same:

Binti yangu, umenigusa. Mimi ni mkubwa kidogo kwako, nimekuwa balozi wa nyumba kumi miaka ya themanini. Hii habari ya nyumba kwa nyumba ilikuwa na pande mbili hata kwetu. Balozi alijua mgonjwa ni nani, na pia alijua nani kasema nini kuhusu chama. Je, kwa Wajapani haikutumika hivyo?


NdivaYaJuu:

Shikamoo mzee. Ilitumika, tena vibaya. Serikali yao mwaka 1940 ililazimisha nchi nzima kujipanga kwa makundi ya nyumba chache chache, yaliyoitwa tonarigumi. Mgao wa chakula ulipita humo, mazoezi ya kuzima moto wa mabomu yalifanyika humo, na aliyenung'unikia vita alijulikana humohumo. Kairanban ilienea sana wakati ule. Wamarekani walipoikalia nchi wakayapiga marufuku mwaka 1947. Vyama vya mtaa vikarudi baadaye kama vya hiari.

Bibi jirani alikuwa mtoto mdogo vita vilipokwisha. Alituambia mama yake aliogopa sauti ya mtu anayeleta ule ubao, kwa sababu siku nyingine ulikuja na jina la kijana wa mtaa aliyetakiwa kwenda vitani. Alisema hivyo huku akiushika ubao huohuo mapajani, akagonga muhuri wake, akatupa tuupeleke mbele.


Mzee wa Kisiwani Same:

Marahaba. Na maji je? Wewe ni mtu wa maji, hujasema lolote la maji.


NdivaYaJuu:

Mzee, nilikuwa naliwekea nafasi, maana nikianza sinyamazi.

SEHEMU YA TATU: MAJI

Kwa wasiotoka kwetu: Upareni tuna ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe lililo juu ya mashamba. Maji ya chemchemi yanaingia usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa, na kila ukoo au kila mfereji una siku yake. Ndiva inajaa tope, kwa hiyo kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuizoa. Babu yangu alisimulia baragumu likilia watu wanashuka na majembe, na asiyeonekana zamu yake ya maji inarukwa. Siku hizi ndiva nyingi zimejaa majani. Kazini kwangu kila mwaka naandika taarifa ileile: mfereji mkuu umejaa mchanga, wa juu wanachukua yote, wa chini wanalalamika. Tunaomba fedha za kukarabati. Fedha zinakuja, zege linamwagwa, miaka mitatu mchanga umerudi.

Hata skimu ya Ndungu hapo kwetu Same ilijengwa kwa msaada wa Wajapani. Kwa hiyo nilipokuwa naenda kule nilitaka kuona hawa waliotujengea wao kwao wanafanyaje.

Aprili, theluji ikiwa bado imekaa vivulini, kairanban ilileta tangazo la kuzoa mifereji. Jumapili, saa mbili asubuhi. Nilikwenda na koleo la kuazima. Tulikuwa kama watu thelathini, na sidhani walikuwepo watano walio chini ya miaka hamsini. Mzee wa mtaa alikuwa na orodha, anaweka alama. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mfereji, kimepimwa. Mwenye shamba na asiye na shamba, kwa sababu mfereji uleule ndio unaobeba maji ya mvua na theluji iliyoyeyuka mbele ya nyumba za wote. Nyumba isiyoleta mtu inalipa kiasi fulani, na hakuna anayeinunia ikiwa imelipa. Saa nne na nusu tulikuwa tumemaliza, tukapewa chai ya chupa na mkate, tukarudi nyumbani. Mwezi wa tano mabonde yote yalikuwa yamejaa maji na miche.

Nilitafuta zege la maajabu ambalo wao wanalo na sisi hatuna. Zege ni lilelile. Nilisimama pale na koleo nikamkumbuka babu, machozi yakanitoka, na yule mzee wa mtaa akadhani nimeumia mkono.

Lakini msidhani ni watu wa asili ya upole wasiogombania maji. Waligombana kwa karne nyingi, vijiji kwa vijiji, kwa mawe na moto. Wakati wa likizo nilisafiri hadi Kawasaki, jirani na Tokyo, kuona kitu kimoja tu. Panaitwa Kuji. Kuna duara la zege lililojengwa mwaka 1941. Maji ya mfereji yanapitishwa chini ya ardhi, yanaibuka katikati ya duara, yanatulia, kisha yanamwagika ukingoni pande zote sawasawa. Ukingo umegawanywa kwa kuta katika vipande vinne, kila kipande na urefu wake kulingana na ukubwa wa mashamba ya mfereji husika. Mto ukijaa, kila mmoja anapata zaidi kwa uwiano uleule. Mto ukikauka, kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano uleule. Hakuna mlango wa chuma wa kufunga usiku, hakuna mtu wa kumhonga. Na mkulima wa chini kabisa anaweza kuja kusimama pale akaona kwa macho yake kwamba hajaibiwa.

Nilikaa pale saa nzima. Watu walipita na mbwa wao, siku hizi pamezungukwa na nyumba za mji, mashamba karibu yote yameisha. Niliipiga picha kila upande. Nimechora moja ndogo kwa ajili ya mifereji miwili ya kijiji kimoja kwetu, michoro imeshafika halmashauri.


Kigali Asubuhi:

Dada, huku kwetu Rwanda tuna umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na anayekosa anaweza kutozwa faini. Usafi upo, mji wote mnauona. Ila mimi naona tofauti na ulilosema. Kwetu inatoka juu inashuka. Huko unakoeleza inaonekana inazunguka.


NdivaYaJuu:

Kigali Asubuhi, umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Kwetu pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi ipo, na tarehe 9 Desemba 2015 tulifanya usafi badala ya gwaride la Uhuru. Nilifagia siku ile. Lakini nani anafagia Jumatatu inayofuata, hakuna aliyeandikwa. Hilo ndilo ninalolizungumzia tangu mwanzo. Zamu ina jina na ina tarehe, na inaisha. Watu hawachoki kwa sababu wanajua wiki ijayo si yao.


BiTatu:

Ulisema utatueleza kwa nini huulizi tena habari ya WhatsApp.


NdivaYaJuu:

Ndiyo, Bi Tatu. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, nimelizungukia tu kwa siku tatu.

Baridi yetu ya pili, Januari 2024. Mwaka ulianza na tetemeko lile la Noto, tarehe mosi, saa kumi na dakika kumi jioni kwa saa za Japani, ukubwa wa 7.6. Kitovu kilikuwa mkoa wa Ishikawa, mbali kidogo nasi, lakini tulitikiswa hadi sahani zikashuka. Simu zote zililia kwa pamoja ule mlio wa kutisha, kwenye televisheni mtangazaji wa NHK, shirika lao la utangazaji la taifa, akawa anapaza sauti kuwaambia watu wa pwani wakimbie sasa hivi. Sisi tuko bara, tsunami haitufikii. Kabla sijajua nifanye nini, mzee wa mtaa alikuwa mlangoni na orodha yake. "Wawili? Wazima?" Akaweka alama, akaenda nyumba ya pili. Kule Noto watu wengi walifariki, wengi wao wazee ndani ya nyumba kuukuu za mbao.

Wiki kadhaa baadaye theluji ilishuka siku mbili mfululizo. Bibi jirani anaishi peke yake, mume alishafariki, mtoto wake wa kiume yuko Tokyo. Ubao wa kairanban ulikuwa umepita kwetu Jumanne, binti yangu aliupeleka na kuutundika mlangoni kwa bibi kama kawaida. Alhamisi asubuhi mama wa nyumba inayofuata baada ya bibi alikuja kwetu na koleo mkononi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kairanban mmeshaipitisha?" Alijua kulikuwa na tangazo linalotakiwa kufika kabla ya Jumamosi, na kwake halikuwa limefika. Binti yangu akasema tumepitisha juzi.

Yule mama hakuuliza la pili. Alitupa koleo chini akakimbia, nami nikamfuata kwenye theluji iliyofika kiunoni. Ubao ulikuwa bado umening'inia mlangoni, umefunikwa na theluji. Bibi alikuwa sakafuni jikoni, amevunjika nyonga, ameteleza Jumatano usiku. Alikuwa amevuta blanketi ya meza ya joto akajifunika. Alikuwa hai.

Sasa fikirini kundi la WhatsApp. Ujumbe ungesomwa na ishirini, mmoja hajasoma, nani angejali? Ubao ukikwama, unakwama mlangoni kwa mtu, na anayefuata anaungoja.

Kaka Nyangumi alisema jengo lake lina milango ishirini na nne. Polisi wao walitoa hesabu kwamba mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 walifia nyumbani peke yao, na robo tatu yao walikuwa na miaka 65 na kuendelea. Wapo walioonekana baada ya mwezi na zaidi. Tangu Februari 2021 nchi ina waziri anayeshughulikia upweke. Mimi nimetoka kwenye nchi ambayo mtu akikohoa usiku jirani anauliza asubuhi, na niliposikia neno hilo, waziri wa upweke, nilidhani binti yangu amekosea kutafsiri.


Nyangumi254:

Dada nimesoma hii nikiwa kwenye treni narudi kutoka kazini. Leo nitagonga mlango wa jirani yangu mmoja tu, nimsalimie. Nimeishi hapo miaka mitatu.


FundiBomba:

Bibi alipona? Na huyo mtoto mmerudi naye Same anaendeleaje?


NdivaYaJuu:

Alipona, mkuu. Alikaa hospitali na kituo cha mazoezi karibu miezi minne, akarudi nyumbani anatembea na kigari cha kusukuma. Mtoto wake wa Tokyo alitaka ahamie kwao, akakataa.

Binti yangu yuko darasa la nne sasa. Wiki ya kwanza alipoona wenzake wanadekishwa kwa kuchelewa alishika tambara akaenda kuwasaidia, mwalimu akamwambia "wewe huna kosa, rudi darasani." Alirudi nyumbani analia, hakuelewa. Nimeenda kuongea na mwalimu mkuu, amenisikiliza vizuri. Wametengeneza duara la boksi kwa darasa lake, na muhula huu linazunguka. La maji bado niko nalo, nikipata jibu la halmashauri nitarudi hapa kuwaambia.

Mwezi uliopita bibi alituandikia barua, ameandika kwa herufi rahisi ili mtoto aweze kusoma. Nyumba tuliyokuwa tunaishi haijapata mtu. Ipo tupu, ni moja ya zile wanazoziita akiya. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchi nzima. Nyumba iliyokuwa kabla yetu nayo imefungwa, mwenyewe kapelekwa kituo cha wazee. Kwa hiyo ubao ulikuwa utoke nyumba ya tatu uje moja kwa moja kwa bibi, na kwenye theluji ni mbali kwa watu wa umri ule. Wamekaa kikao wamebadilisha mpangilio. Sasa unamfikia kutoka upande wa chini, kwa yule mama aliyekimbia. Jina letu limefutwa kwenye orodha, lakini bibi anasema mstari wenyewe wameuacha wazi.